Mbuzi Watatu na Gari Lisilotoa Moshi

Alhamisi, 24 Septemba 1981

Gari limefika Ziwani, mtaani kwetu hapa Nairobi. Langu. Limesimama mbele ya mlango wangu na watu wanalizunguka wakitafuta kasoro. Hawajaona. Usukani uko kushoto, lakini hiyo si kasoro, hiyo ni ishara kwamba limetoka mbali.

Nimelinunua kwa Mwamerika, mtaalamu wa mbegu, anayerudi kwao. Amelitumia hapa nchini miezi mitatu tu. Chini, kwenye bomba la ekzosi, kuna kisanduku cha chuma kama mkate uliokaliwa. Mwamerika amenieleza kwamba kisanduku hicho husafisha moshi kabla haujatoka nje. Alieleza na mambo mengine kuhusu petroli, marefu sana. Sikuyasikiliza yote. Nilikuwa najaribu redio.

Jioni niliwasha injini, nikashika leso nyeupe kwenye mdomo wa ekzosi, majirani wakitazama. Nikahesabu hadi hamsini. Leso ikatoka nyeupe vile vile. Naftaly wa nyumba ya tatu akafanya hivyo hivyo kwenye gari lake. Leso yake ikatoka nyeusi kama imesugua sufuria. Akasema leso yangu ilikuwa kubwa zaidi. Wivu.

Ijumaa, 25 Septemba

Leo nimeelewa Mungu amenipa gari hili kwa nini.

Mambo yako hivi. Kalekye, ambaye ni opereta wa simu katika kiwanda kimoja Industrial Area, ananitaka mimi. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya kanisa la Shauri Moyo, na hakuwa anatania. Lakini watu wa Dishon nao wamebisha hodi kwao Kangundo. Babake, Mzee Kitonga, amesema hatachagua baina ya vijana wawili waungwana. Atakayetangulia kuleta mbuzi watatu wa ntheo, yaani posa ya Kikamba, wakapokewa na kuchinjwa pale nyumbani, huyo ndiye mkwe. Mbuzi wakishachinjwa, msichana ameposwa. Hakuna wa kuja nyuma na maneno.

Sasa, Mzee Kitonga alichochea makaa kwenye garimoshi miaka ishirini na saba. Kifua chake kimekwisha. Moshi wa sigara tu ukipita barabarani anakohoa hadi anashika ukuta. Na Dishon ni dereva wa nini? Lori la mawe. Lori la dizeli.

Nimemwandikia Mzee Kitonga barua. Nimemwambia mbuzi wangu watafika Jumamosi ya tarehe tatu, ndani ya gari lisilotoa moshi. Nimepiga mstari chini ya hayo maneno mawili ya mwisho. Barua imekwenda na Mjomba Maingi, ambaye atakuwa msemaji wangu siku hiyo, maana bwana harusi hasemi lolote. Mjomba ni mchonga vinyago, anajuana na kila mtu Kangundo.

Mjomba aliuliza kwa nini tusiende na basi kama watu wengine. Nilimwonea huruma tu.

Jumapili, 27 Septemba

Petroli imeisha. Nimekwenda kituoni na bomba la pampu limekataa kuingia. Tundu la tangi ni dogo! Mhudumu amejaribu kulisukuma, kulizungusha, akalipiga na kiganja. Kisha akanionyesha kibandiko cha Kiingereza karibu na tundu. Kinasema gari hili linywe petroli isiyo na risasi peke yake. Risasi ya madini, si ya bunduki. Nikamuuliza petroli ya namna hiyo iko wapi. Akasema labda Amerika. Hapa kwetu petroli yote ina risasi. Ndiyo maana Mwamerika alikuwa na mapipa yake mwenyewe ya petroli uani.

Kumbe tundu limefanywa dogo makusudi, ili mtu asikosee. Watu wa Amerika hawaamini wateja wao.

Mjomba Maingi amelipanua kwa patasi anayochongea masikio ya swara. Kazi safi kabisa. Pampu imeingia bila shida. Kibandiko nimekibandua.

Jumanne, 29 Septemba

Nimempa mchungaji lifti hadi Makadara ili sifa zifike Kangundo kwa njia ya kanisa. Ana shemeji huko. Tulipofika taa za Jogoo Road, harufu. Mayai yaliyooza, mengi. Mchungaji akatazama nje. Mimi nikatazama nje. Tulipoanza kwenda, harufu ikapungua, tukasimama tena, ikarudi.

Alishuka kabla ya pale alipokuwa anakwenda. Akaniambia, kwa sauti ya upole, kwamba maharagwe yanafaa kulowekwa usiku kucha.

Injini nayo inatetemeka kidogo. Si kitu.

Alhamisi, 1 Oktoba

Si kitu, lakini leo nimeshindwa na mlima wa Museum. Nimekanyaga mafuta hadi sakafuni, gari likaenda kama linasindikiza jeneza. Mtu wa baiskeli amenipita. Alikuwa amebeba kreti mbili za soda na alinipungia mkono.

Nimekwenda kwa Simiyu, fundi wa gereji ya wazi pale Kariokor. Mtu wa Bungoma, haongei haraka. Amelala chini ya gari na tochi, amepiga kisanduku kwa spana, akasikiliza. Kisha ameniita nilale na mimi chini. Nilikuwa na suruali ya ofisini.

Anasema kisanduku hicho kinaitwa kataliti. Ndani kuna kitu cha udongo chenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, kimepakwa madini ya bei kali. Moshi ukipita humo ukiwa moto, ile sumu yake inabadilika, inatoka nje ikiwa haina makali. Lakini petroli yetu ina risasi, na risasi inaganda juu ya madini yale hadi hayafanyi kazi tena. Huo ni ugonjwa wa kwanza. Wa pili ni kwamba plagi moja kati ya nne haiwaki. Petroli yake inashuka ikiwa mbichi na kuungulia ndani ya kisanduku. Ndiyo harufu. Kisanduku kinapata joto kupita kiasi, sega linayeyuka, vijitundu vinaziba. Injini inavuta pumzi, lakini haina mahali pa kuitolea. Ndiyo maana haina nguvu.

Nikamuuliza kama gari bado halitoi moshi. Akasema halitoi moshi kwa sababu halitoi chochote.

Dawa, kwa mujibu wake: kukata kisanduku, kuunga bomba tupu, kubadilisha plagi. Kazi ya asubuhi moja. Nikamweleza habari ya barua, na mstari niliopiga. Siwezi kufika kwa Mzee Kitonga na bomba tupu. Simiyu akatafakari, akasema basi ninunue plagi angalau. Nimesema Jumatatu. Kwa sasa nimenunua polishi.

Akaniambia kitu kimoja zaidi nikiwa naondoka: nisiguse chini ya gari likitoka safari, kisanduku kinaweza kuwa chekundu kama kaa la moto. Nani hugusa chini ya gari?

Ijumaa, 2 Oktoba

Kalekye amenipigia simu ofisini. Kwa sababu yeye ni opereta, simu zake hazikatiki, na huwezi kujifanya husikii. Amesema ameota vibaya. Ameniomba jambo moja tu: nichukue basi la saa moja asubuhi, mbuzi wapande juu kwenye keria, nifike saa tatu, mambo yaishe. Nimemwambia nimeahidi gari. Amesema babake haozi gari. Amesema pia kwamba hataki kuolewa na Dishon, na kwamba Dishon akija kwanza hatakuwa na la kufanya. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Wanawake hawaelewi mitambo.

Jumamosi, 3 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu.

Tuliondoka saa mbili. Mjomba mbele, amevaa koti la harusi ya mwanawe. Mbuzi tuliwachukua Njiru, wawili kwenye buti, mmoja kiti cha nyuma. Hadi Ruai, sawa. Baada ya hapo gari likaanza kuchoka. Milima ya Tala tumeipanda kwa gia ya kwanza, na sehemu moja Mjomba alishuka akatembea pembeni tukizungumza. Harufu ya mayai ilikuwa nyingi. Mjomba alimlaumu mbuzi, mbuzi akamtazama.

Tulifika saa tano. Dishon hakuwepo! Wazee wameketi kivulini, akina mama wamepika chai, Kalekye mlangoni na kitambaa kipya kichwani. Mzee Kitonga amesimama mwenyewe kutulaki. Nikataka aone gari vizuri, nikalipeleka hadi karibu na ua, mahali penye nyasi ndefu, kavu kabisa kwa jua la Septemba. Nikazima injini. Nikashuka. Nikamwonyesha kwa mkono: hakuna moshi. Mzee akavuta pumzi ndefu, akatabasamu. Aliniita mwanangu. Kwa dakika nne nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kangundo.

Kisha moshi ukatoka. Si kwenye ekzosi. Chini ya gari, kwenye nyasi. Kisanduku.

Nyasi zikashika, ua ukashika, na nyuma ya ua kulikuwa na mabua ya mahindi ya ng'ombe, ya msimu mzima. Wakwe zangu wakasukuma gari wakiwa na suti. Akina mama wakapiga moto kwa matawi. Moto ukamwagiwa chai, hiyo yote. Mbuzi wakaruka, tukawakamata, mmoja ameungua nywele za mkia. Boma lote lilikuwa jeusi kwa moshi, na katikati yake Mzee Kitonga, amekunjika, anakohoa. Walimbeba hadi kwa jirani.

Mbuzi hawakuchinjwa. Anayewapokea ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakuwa na pumzi ya kusema amewapokea. Nilipokwenda kumpa pole, alinishika mkono, akajaribu kusema mara tatu. Mara ya nne akaweza. Alisema nilimwandikia kwamba gari halina moshi.

Nikamwambia kwamba, kwa kusema kweli, gari halikutoa moshi. Nyasi ndizo zilizotoa. Mjomba akanivuta shati.

Jumapili, 4 Oktoba

Mzee Kitonga hajafa, na ana moyo mzuri kuliko ninavyostahili. Mjomba amelala huko na kurudi leo na ujumbe. Nimepewa Jumamosi nyingine, tarehe kumi. Dishon naye amepewa Jumamosi hiyo hiyo, kwa haki. Atakayetangulia. Ila gari lile lisionekane karibu na boma.

Mabua nitalipa mimi, hiyo haina ubishi.

Nimelala chini ya gari saa nzima nikitazama kile kisanduku. Nilikuwa na hasira nacho, kisha nikakihurumia. Kimetengenezewa petroli nyingine na nchi nyingine.

Jumatano, 7 Oktoba

Simiyu amekikata. Plagi mpya, bomba tupu. Kisanduku kilipotoka alikitikisa, kikalia kama debe lenye kokoto.

Lakini gari! Nimepanda mlima wa Museum kwa gia ya tatu. Nimerudi nyuma nikaupanda tena. Yule wa baiskeli sikumwona, ningempungia.

Moshi sasa unatoka. Leso imekuwa ya kijivu. Simiyu anasema ndivyo ilivyo, nguvu imerudi, sumu nayo imerudi, ile ile ya magari yote ya Nairobi. Ameongeza kwamba bomba alilokuwa nalo ni fupi, linaishia chini ya buti, na sakafu ya buti ina tundu la kutu. Nimwachie gari hadi Jumatatu apate kipande cha kuliungia. Na kama lazima niendeshe, madirisha yote wazi, maana harufu ya moshi huo huisikii, unakulaza tu. Nimemwambia nimesikia.

Ijumaa, 9 Oktoba

Kalekye amepiga simu tena. Hakuuliza habari ya gari. Aliniuliza basi linaondoka saa ngapi, nikasema saa moja. Akaniuliza nitakuwa wapi saa hiyo, nikasema ndani. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akasema amenunua kitambaa kingine, kile cha kwanza kilinuka moshi hata baada ya kufuliwa mara tatu.

Nampenda sana huyu mtu. Nimeandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia kwenye simu ya ofisi, meneja anasikiliza.

Nimewaambia Mjomba na mbuzi wajitayarishe kwa basi.

Baadaye, nikiwa naoga, nimepiga hesabu. Basi linasimama kila kichaka, saa mbili nzima. Gari langu sasa lina nguvu, litachukua saa moja tu. Nikiondoka saa mbili nafika saa tatu, sawa na basi, bila vumbi, na suti ikiwa safi. Gari nitaliacha nyuma ya kilima, hakuna atakayeliona. Kwa hiyo nimetii kila neno aliloniambia Mzee, na Kalekye hatajua tofauti.

Jumamosi, 10 Oktoba

Tuliondoka saa mbili na robo. Mbuzi watatu kwenye buti safari hii, ili kiti kisichafuke. Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Tulipita malori, tulipita matrekta. Ruai tulipita basi la saa moja, limeharibika gurudumu, abiria wamesimama kando. Miongoni mwao Dishon, lori ameliacha mjini kwa ajili ya kifua cha Mzee, koti begani, mbuzi wake wamefungwa juu kwenye keria. Nilipiga honi. Nilimwambia Mjomba tazama, tazama jinsi Mungu anavyofanya kazi. Ningeweza kwenda polepole tangu hapo na bado nikashinda.

Baada ya Kamulu vumbi lilizidi. Tulikuwa na mashati meupe. Nikafunga madirisha.

Mjomba alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba yake kwa sauti. Ilikuwa hotuba nzuri. Ikapungua kidogo kidogo, ikawa mnong'ono, ikaisha katikati ya neno. Nikafurahi amepumzika. Mbuzi nao walinyamaza. Nilifikiri, hili ndilo gari la kifahari, hata mbuzi wanatulia. Kichwa kilikuwa kinaniuma na barabara ilikuwa mbili. Nikachagua ya kushoto. Haikuwepo.

Niliamka kwenye shamba la mbaazi. Gari halikuumia, liliteleza tu hadi likasimama. Mwenye shamba, mama mmoja mnene, amefungua milango yote na anatupepea kwa ungo. Alimwaga maji kichwani pa Mjomba. Mjomba akafungua macho, akamalizia lile neno. Tukafungua buti. Mbuzi wamelala watatu kwa mstari, ndimi nje. Niliketi chini nikalia, sitaficha. Yule mama akawatoa kwenye hewa, akawasugua mbavu. Mmoja akapiga chafya. Ikachukua saa moja na nusu hadi wote wasimame, na hata hapo walikuwa wanakwenda upande.

Tulipokuwa tunawasugua, basi likapita. Walipiga honi.

Tulifika boma la Mzee Kitonga saa saba kwa miguu, tukiwaburuta mbuzi wenye kizunguzungu. Ua mpya umejengwa nusu. Wazee walikuwa wanakula. Mzee Kitonga alisimama akanisalimu vizuri, akasema karibu, akaagiza tuletewe viti. Mtu aliyeleta sahani alikuwa Kalekye. Aliangalia suti yangu, jinsi ilivyoshika majani ya mbaazi badala ya vumbi la basi, akajua. Akaweka sahani mbele yangu. Nyama ya mbuzi wa Dishon, na kipande nilichopewa kilikuwa kizuri.

Nilikula. Ukikataa ni matusi.

Jumapili, 11 Oktoba

Sikwenda kanisani. Mjomba amekuja, kichwa bado kinamuuma, akaketi kitandani pangu. Mwishowe akasema basi lingekuwa bora. Kila nikifumba macho namwona anavyoiweka ile sahani, polepole, kama inaweza kuvunjika.

Nimefikiri mchana kutwa ni wapi nilipokosea, na nimepata. Bomba. Bomba fupi. Simiyu angekuwa na bomba refu, leo ningekuwa mkwe. Na ile Jumamosi ya kwanza, nyasi. Gari lenyewe halijawahi kupewa nafasi ya haki.

Harusi ni Desemba, tarehe kumi na mbili. Mjomba anasema watu wa Dishon wanatafuta gari la kumbeba bibi harusi, maana huwezi kumpandisha kwenye lori la mawe. Nimeandika barua jioni hii, ya heshima, kwa Mzee Kitonga. Nimejitolea gari, bila malipo, na dereva nitakuwa mimi. Simiyu atanitafutia kataliti nyingine, mpya, ili Mzee aone kwa macho yake kwamba sikumdanganya.

Kutoka bomani hadi kanisani ni maili nne, na Kalekye atakuwa ameketi nyuma yangu. Maili nne si haba. Nitaendesha polepole, na mtu anaweza kubadili nia.